Kalidas, Rishi, Jivanjee: majina ya Wahindi yanasomwaje?

Novemba 2025 Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa New York, pale kijiweni tunapokunywa kahawa yalizuka mabishano ya karibu saa nzima. Mmoja anasema huyo Mwarabu kabisa, sikia jina lake. Mwingine anasema aah, Mganda huyo, kazaliwa Kampala mwaka 1991. Wa tatu akasema nyie wote hamjui, baba Mhindi mama Mhindi. Akajibiwa, sasa mbona baba anaitwa Mahmood na mama anaitwa Mira, hayo si majina ya dini mbili? Na lile Kwame hapo katikati limetoka wapi, si la Ghana lile?

Kila mtu pale alikuwa na kipande cha ukweli, ila hakuna aliyeweza kuviunganisha. Na mi iliniuma, manake sisi watu wa huku tumeishi na Wahindi ukuta kwa ukuta vizazi na vizazi, tumesoma nao, tumekopa dukani kwao, tunajua mpaka kijana wao gani kafaulu na gani kaenda Canada, lakini jina la jirani tunalitamka tu kama sauti, hatujui linasema nini. Na kumbe linasema. Majina mengi ya Kihindi ni sentensi fupi kabisa, ukishajua viungo vyake unaisoma.

Tuanze na maneno yenyewe, nusu ya vurugu inaanzia hapo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wetu walimwita Baniani. Herufi moja tu ya mwisho lakini tofauti ni kubwa: kuna Wahindi Waislamu, Wakristo, Masingasinga, Wajaini, Waparsi (hawa ni wa ile dini ya kale ya Uajemi). Halafu Kihindi ni lugha moja tu, katiba ya India inazitaja rasmi lugha 22, kwa hiyo ukisema "jina la Kihindi" ni kama umesema "jina la Kiafrika", unabaki umeuliza swali ambalo halijaanza. Neno jingine ni Kisanskriti, hii ni lugha ya kale ya vitabu vyao vya dini. Ichukulie kama Kiarabu cha Kurani kwa Mswahili Muislamu, haendi nayo sokoni kununua nyanya lakini jina la mtoto anachota humo. Na la mwisho, hapa naongelea jina la kupewa, lile la mama kumwita mtoto, sio la ukoo kama Patel (ambalo asili yake ni cheo cha mkuu wa kijiji) au Mehta (mwandishi wa mahesabu).

Sasa viungo. Kiungo rahisi kuliko vyote ni ile a- ya mwanzo, inayokanusha, ni kama "si" au "bila" ya kwetu. Shoka kwa Kisanskriti ni huzuni, basi Ashok ni asiye na huzuni. Bhay ni hofu, Abhay haogopi. Anta ni mwisho, Anant hana mwisho. Ajay na Ajit ni wasioshindika, Amar ni asiyekufa. Sisi nasi tuna akina Sikujua na Sikudhani, ila majina yetu ya namna hiyo yanabeba kisa cha siku mtoto alipozaliwa, ya kwao yanabeba dua.

Kiungo cha pili kiko mwishoni, -esh, umekisikia mara elfu kwenye majina ya wenye maduka. Kinatokana na isha, yaani bwana, mwenye amri. Din ni mchana, Dinesh ni bwana wa mchana, na bwana wa mchana ni nani kama sio jua. Nara ni binadamu, Naresh ni bwana wa watu. Maha ni kuu, Mahesh ni bwana mkuu, hilo ni jina la mungu wao Shiva. Ganesh ni bwana wa lile kundi linalomfuata Shiva. Pembeni yake kuna -endra, kutoka kwa Indra mfalme wa miungu, ambayo ikikaa mwisho wa jina inamaanisha mkuu wa kitu fulani. Kwa hiyo Narendra, jina la waziri mkuu Modi, na Naresh wa duka la vitambaa, yanasema kitu kilekile.

Halafu -das, mtumishi au mtumwa. Hiki Mswahili anakielewa papo hapo bila mwalimu: Abdallah ni mtumishi wa Mungu, Abdulkarim ni mtumishi wa Mkarimu. Kalidas ni mtumishi wa Kali, Ramdas ni mtumishi wa Rama, hao ni miungu yao, muundo uleule ila wao wanatanguliza mungu, mtumishi anafuata nyuma. Gandhi mwenyewe kwao alikuwa Mohandas, mtumishi wa Mohan, ambalo ni jina mojawapo la mungu wao Krishna. Jina lake kamili Mohandas Karamchand Gandhi linakuonyesha na utaratibu wa Wagujarati: la kwanza lako, la pili la baba, la tatu la ukoo. Na hapo hapo niliondoe kosa ambalo nimelisikia hadi kwa walimu, Indira Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, hakuwa binti wala mjukuu wa huyu Mahatma Gandhi. Alikuwa binti wa Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, na jina la Gandhi alilipata kwa mumewe Feroze, Mparsi asiye na undugu wowote na yule mzee.

Mengine hayana viungo vya kufumbua, ni vitu tu vya duniani. Ravi jua, Chandra mwezi, Anil upepo, Deepak taa, Pushpa ua, Kamala na Padma ni yungiyungi. Sita ni mfuo wa jembe, ule mstari unaobaki ardhini ukishalima, kwa sababu kwenye hadithi yao mfalme Janaka alimkuta mtoto huyo shambani kwenye mfuo akilima. Usha ni alfajiri. Rishi Sunak alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 2022 watu wengi huku walishangilia kwa kuwa mama yake, Usha, alizaliwa Tanganyika, na baba yake Yashvir alizaliwa Kenya. Yash ni sifa, vir ni shujaa, Yashvir ni shujaa mwenye sifa. Na Rishi ni yule mwenye hekima wa zamani ambaye Wahindu wanaamini aya zao takatifu zilishuka kupitia kwake. Alfajiri na shujaa wakazaa mwenye hekima. Nyumba nzima inasomeka.

Lakini kuna majina ambayo mi kila nikiyafikiria nasimama kwanza. Krishna maana yake ni mweusi. Sio mfano, sio fumbo, ndio maana ya neno, mweusi, mwenye giza. Kwenye picha wanamchora wa bluu lakini jina halijabadilika. Shyam, jina lake jingine, vilevile ni mwenye rangi ya giza, na kwa mwanamke linakuwa Shyamala, ndilo alilokuwa nalo mama yake Kamala Harris. Kali, yule mungu wa kike mkali, jina lake linatoka kwenye kala, mweusi, na kala hiyohiyo ni wakati. Draupadi, mke wa wale ndugu watano kwenye Mahabharata, utenzi wao mrefu wa kale, aliitwa pia Krishnaa, mweusi wa kike, na anasimuliwa kama mwanamke mzuri kupita kiasi. Sasa linganisha na leo, ambapo matangazo ya ndoa India yanataka bibi harusi mweupe na krimu za kung'arisha zinauzwa kama chumvi, kama ilivyo mikorogo kwetu Kariakoo. Binti anaitwa Shyamala halafu anaambiwa ajipake. Majina yamehifadhi mapenzi ambayo watu wameyasahau, na mi naona hilo ni jambo kubwa, kubwa kuliko maana za maua na taa.

Mtoto analipataje jina? Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi waliokuja Afrika Mashariki, anayetoa jina ni fui. Fui ni shangazi, dada yake baba. Siku ya sita baada ya kuzaliwa inawekwa karatasi nyeupe na kalamu karibu na mtoto usiku, kwa imani kwamba mungu wa majaliwa atapita aandike yatakayompata maishani. Karibu na siku ya kumi na mbili ndugu wanakusanyika, mtoto analazwa kwenye kitambaa, watoto wanashika ncha wanambembeza huku wanaimba, majani ya mti wa pipal yakiwa humo, na shangazi analitamka jina. Wazazi wanaweza kuwa na maoni yao, sawa, lakini kauli ni ya shangazi. Kwa jamii zetu ambazo shangazi ana neno kwenye kila harusi na kila msiba, hilo halihitaji kufafanuliwa sana.

Ila shangazi naye hachagui tu anavyotaka. Kwanza inaangaliwa mwezi ulikuwa kwenye nyota gani mtoto alipozaliwa, na kila nyota ina herufi zake. Mtoto wa Mizani anapata R au T. Wa Simba, M au T. Wa Ndoo, G, S au Sh. Kuna na hesabu ndefu zaidi, ya vituo 27 vya mwezi, kila kimoja kimegawanywa mara nne, zinatoka silabi 108. Wazee wetu wa pwani wa falaki wanaijua fikra hii, nao walikuwa wanapiga nyota ya mtu kwa kuhesabu herufi za jina lake, ila wao walitoka kwenye jina kwenda kwenye nyota, na Mhindu anatoka kwenye nyota kuja kwenye jina. Hii inavunja dhana moja iliyoenea, kwamba kila mzazi wa Kihindi alikaa akatafuta maana nzuri. Mara nyingi herufi ndiyo imetangulia, maana imefuata. Mtoto kaitwa Rajesh badala ya Mahesh sio kwa sababu baba alitaka ufalme, ni kwa sababu mwezi ulikuwa Mizani.

Na jina zuri halikuwa haki ya kila mtu. Kitabu cha zamani cha sheria, Manusmriti, kinaagiza kwamba jina la Brahmin, wale wa tabaka la makuhani, liwe la baraka, la mpiganaji liwe la nguvu, la mfanyabiashara liwe la mali, na la Shudra, wale wa tabaka la chini, liwe la kudharaulika. Yaani mtu anadharauliwa kuanzia siku anayopewa jina. Ndio maana mpaka leo ukoo unaweza kumfichua mtu tabaka lake akiomba kazi au nyumba, na wapo wengi India walioamua kuuacha, wakajiita Kumar tu, kijana, basi.

Lakini usikimbilie kusema kila jina baya ni la dharau, kuna majina mabaya ya upendo. Kama watoto wamekufa mfululizo, anayefuata anapewa jina la kumdanganya kifo ili kimpite. Kachra, takataka. Bhikha, wa kuombaomba. Bengali kuna Tinkari, kauri tatu, yaani mtoto kanunuliwa kwa visimbi vitatu, hana thamani, mwacheni. Wajaluo wanajua hili vizuri kabisa, Owiti na Awiti ni waliotupwa, kwa sababu hiyohiyo, na sidhani kama kuna aliyemfundisha mwenzake, uchungu wa kuzika watoto ndio uliofundisha kote. Njia nyingine ilikuwa kumvalisha mvulana pete ya puani kama msichana, pete hiyo inaitwa nath. Yule aliyempiga risasi Gandhi tarehe 30 Januari 1948, Nathuram Godse, alizaliwa Ramachandra, kaka zake waliomtangulia walikufa wachanga, wakamtoboa pua, likabaki Nathuram.

Sasa kusini ya India mambo yanabadilika. Kule kuna Kitamil na ndugu zake, lugha ambazo hazina asili moja na Kisanskriti, ingawa zimekopa mno kutoka humo. Kuna majina ya Kitamil halisi: Anbu ni upendo, Arivu ni maarifa, Malar ni ua. Kayalvizhi ni mwenye macho ya samaki, na hiyo ni sifa ya uzuri, macho marefu yanayometa. Kisanskriti nacho kina hilohilo, Meenakshi, ndilo jina la mungu wa kike wa hekalu kubwa la Madurai. Na Watamil wengi hawana kabisa jina la ukoo. Bingwa wa zamani wa dunia wa chesi anaandikwa Viswanathan Anand na watu wa nje wanamwita bwana Viswanathan, kumbe huyo ni baba yake, yeye ni Anand, furaha. Mzaramo anayejaza fomu ya pasi ya kusafiria na kulazimishwa kuandika jina la babu kama "ukoo" anaelewa usumbufu huo bila kuelezwa.

Herufi ya mwisho nayo inachanganya. Watu wengi wanaamini jina likiishia na -a ni la kike. Rama, Krishna, Aditya wote ni wanaume. Kilichotokea ni kwamba Kisanskriti kina a fupi ya kiume na aa ndefu ya kike, na kaskazini a fupi ikaangushwa kwenye matamshi, Rama akawa Ram, Ashoka akawa Ashok, halafu tukiandika kwa herufi za Kizungu a ndefu na a fupi zinafanana. Ndio maana binti wa Rishi Sunak anaitwa Krishna na watu wakashangaa. Na Wabengali v wanaitamka b, kwa hiyo Bimal wa Kolkata na Vimal wa Mumbai ni jina moja.

Tuje kwenye dini sasa, ambako ndiko kijiwe chetu kilikokwama. Masingasinga, na Wakenya wanawaita Makalasinga, jina letu kwao limetokana na Singh, simba, lililowekwa kwa wanaume na kiongozi wao wa dini Guru Gobind Singh mwaka 1699, na wanawake wakapewa Kaur. Jina la kwanza linatokana na herufi ya kwanza ya ubeti baada ya kufungua kitabu chao kitakatifu, na halina jinsia, Harpreet anaweza kuwa mume au mke, Singh au Kaur ndiyo inayokuambia. Preet ni upendo, jit ni ushindi, deep ni taa. Makhan Singh, mpigania haki za wafanyakazi ambaye wakoloni walimfungia Kenya tangu 1950 hadi 1961, jina lake ni siagi na simba. Lakini sio kila Singh ni Singasinga, Warajput, Wahindu wa koo za wapiganaji, walilitumia kabla. Na tafadhali, simba yetu haikutoka kwao, ni neno la Kibantu lenye ndugu zake bara zima, kufanana kwao ni bahati tu.

Waislamu wa India majina yao mengi ni ya Kiarabu na Kiajemi, Firoz ni mshindi, Shirin ni tamu, Aftab ni jua. Ila mipaka haijawahi kuwa ukuta. Jawaharlal Nehru alikuwa Mhindu wa Kashmir, na jawahar ni wingi wa neno lilelile la Kiarabu tulilolifanya johari, ndilo tunalompa binti zetu. Baba yake, Motilal, moti ni lulu. Na upande wa pili, angalia Viwanja vya Karimjee pale Dar. Karim ni mkarimu, Kiarabu. Jivan ni uhai, Kisanskriti. Ji ni heshima ya Kigujarati, kama tunavyosema bwana au mzee. Karimjee Jivanjee ni Mzee Mkarimu mwana wa Mzee Uhai, na ni Waislamu wa Bohora. Nairobi wana bustani ya Jeevanjee, Mombasa wana shule ya Allidina Visram, na Visram ni pumziko, Kisanskriti tena, kwa Muismailia. Watu hawa walibadili dini bila kutupa majina ya babu zao, ji ikabaki, bhai (yaani ndugu) ikabaki.

Wakristo wa Kerala nao wana Mathai, ambaye ni Mathayo wetu kabisa, Chacko ni Yakobo, Varghese ni George. Magoa walitawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961, ndio maana Pio Gama Pinto, mwanasiasa wa Kenya, alikuwa Mhindi mwenye jina la Lisbon. Na mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 alikuwa Farrokh Bulsara, Mparsi, farrokh ni mwenye heri kwa Kiajemi na Bulsara ni mtu wa mji wa Bulsar, Gujarat.

Kwa hiyo tukirudi kwa yule meya. Mahmood ni Kiarabu, msifiwa, kwa sababu baba ni wa familia ya Waislamu wa Gujarat. Mkia wa -ani kwenye Mamdani umejaa kwenye koo za Sindh, Kutch na Gujarat, maana yake kizazi cha fulani. Mira ni jina la Mirabai, mwanamke mshairi wa karne ya 16 aliyeacha maisha ya kifalme kwa mapenzi ya Krishna, yule Mweusi, na mama ametoka familia ya Wahindu wa Punjab. Na Kwame kwa Waakan ni mwanaume aliyezaliwa Jumamosi. Niliporudi kijiweni na kalenda tukaangalia, tarehe 18 Oktoba 1991 ilikuwa Ijumaa. Kwa kanuni za Kighana angeitwa Kofi. Lakini baba hakuwa anafuata siku, alikuwa anamkumbuka Nkrumah.